Njia ya kufikia kilele cha Uhuru mwezi huu: Barafu, Western Breach au Gilman's?

MgeniWaKibo: Ndugu wanajukwaa, mimi na mdogo wangu tunatarajia kupanda Kilimanjaro mwishoni mwa Juni kwa njia ya Lemosho. Tukishafika Lava Tower (mnara wa mwamba) tunaweza kuzunguka hadi kambi ya Barafu, au kukata juu kwa Western Breach (pengo la ukingo wa magharibi) na kulala kreta, yaani ndani ya shimo la volkano huko juu. Mdogo wangu ameng'ang'ania Western Breach kwa kuwa ni fupi na haina msongamano. Waliotoka huko karibuni, hali ikoje?

Mwongozaji_Moshi: Nimeshuka na wageni Jumanne. Kutoka Barafu njia ilikuwa changarawe kavu kwa sehemu kubwa, kisha theluji iliyoganda ikatupokea karibu na Stella Point, ukingoni mwa kreta (mita 5,756), nasi tukavaa minyororo ya meno juu ya viatu. Shida ilikuja wakati wa kurudi, kwani kufikia saa tatu asubuhi theluji ilikuwa imelainika, na watu waliochoka walikuwa wakiteleza na kukalia makalio.

Kuhusu Western Breach, ndugu yangu, usihofie barafu unayoiona. Hofia mawe ambayo barafu hiyo ilikuwa imeyashikilia, maana inapoyeyuka huyaachia bila taarifa. Januari 2006 yaliporomoka yakaua Wamarekani watatu, njia ikafungwa hadi Desemba 2007, na mwaka 2015 Mmarekani mwingine akafa huko huko. Wanaoipita huondoka kambi ya Arrow Glacier alfajiri, wakiwa na kofia ngumu, ili wavuke eneo la mawe kabla jua halijalichoma.

Bi_Shira: Naafikiana nawe kuhusu mawe, ila mimi kinachonitisha zaidi ni kulala kreta, kwenye takriban mita 5,700. Mtu akianza kupepesuka na kukohoa povu usiku, hawezi kurudishwa kwa Western Breach. Itabidi apandishwe kwanza ukingoni ndipo ateremshwe, na kila dakika ina uzito.

Kaka_Rongai: Mbona hamjataja Gilman's, ile sehemu ya ukingo wa kreta upande wa mashariki? Changarawe ya kutoka kambi ya Kibo Hut inakatisha tamaa, hatua mbili mbele moja nyuma, na ukifika ukingoni bado una mwendo mrefu hadi Uhuru. Hata hivyo, mgonjwa akifikishwa Kibo Hut, machela ya gurudumu moja humkimbiza kambi ya chini ya Horombo kwa njia pana. Nimeishika machela hiyo kwa mikono yangu, nayajua mabega yalivyouma.

MgeniWaKibo: Nawashukuru wote. Kwa kuwa tumeshalipia Lemosho, tutapitia Barafu. Mdogo wangu amesoma maelezo ya Bi_Shira mara mbili, akanuna, akakubali. Mkuu Mwongozaji, hiyo minyororo ya viatu inakodishwa Moshi, au tuje nayo?

Mwongozaji_Moshi: Inakodishwa, lakini ijaribu juu ya viatu vyako hapo hapo dukani, ukiwa umevaa glavu nene. Usiku wa kilele hutazivua.