Mrejesho: fomu za afya za wazee makaoni, Tanga

Wakuu, asanteni. Niliuliza kwa nini fomu za makao fulani hapa Tanga zinaonyesha uzito uleule miezi mitatu mfululizo, ilhali kanga na shuka zinawapwaya wazee. Jibu ndilo mlilolihisi: namba zilinakiliwa kutoka fomu ya mwezi uliopita.

Sasa fomu ya zamani haitolewi mpaka namba mpya iandikwe. Uzito unapimwa asubuhi kabla ya chai, mzee akishakwenda haja, nguo nyepesi, mizani ileile kwenye sakafu ngumu. Mkeka chini yake huharibu kipimo. Wa kilo 60 akipungua 3 ndani ya mwezi, hiyo ni asilimia 5, daktari aitwe.

Presha: alale dakika 5, apimwe, asimame, apimwe tena dakika ya 1 na ya 3. Ya juu ikishuka 20 au ya chini 10, anaweza kuanguka wakati wowote akiinuka.

Ngozi ndiyo ilipitwa zaidi, na hili linaniuma. Mafunzo husema tafuta wekundu, dalili ya kidonda cha kulalia, lakini kwenye ngozi nyeusi hauonekani vizuri. Pitisha mgongo wa mkono kwenye kitokono, nyonga na visigino. Pakiwa na joto, pagumu au palaini kuliko ngozi ya jirani, au mzee akishtuka kwa maumivu, huenda kidonda kinaanza.

"Unaoga mwenyewe, babu?" Atajibu ndiyo kulinda heshima yake. Muulizeni na mhudumu wa usiku, kisha andikeni alichofanya siku 7 zilizopita, si anachodhaniwa kuweza.