Nina cheti cha sekondari cha Kongo, niko Kakuma, nataka kusoma unesi. Naanzia wapi?

Furaha_Kivu:
Habari zenu ndugu zangu, natumaini wote muko salama. Mimi ni Mkongomani wa Goma, nilimaliza humanités (sekondari ya kwetu) 2023 section ya Chimie-Biologie na asilimia 64. Mji ulipoanguka Januari 2025 tulitoka na mama na wadogo zangu tukapita Uganda mpaka tukafika huku kambi ya Kakuma, Kenya. Nataka kusoma unesi, kule nyumbani nilikuwa nasaidia kwenye kituo cha afya cha mtaa wetu, nafunga vidonda, naandika majina ya wamama kwenye daftari la kliniki, na sioni kazi nyingine ninayoitaka.

Shida ni karatasi. Diplome d'Etat, yaani cheti chenyewe cha kumaliza sekondari, sijawahi kuishika, wenye kutoka Kongo munajua inaweza kuchukua miaka kufika kutoka Kinshasa. Niliyopewa ni attestation, karatasi ya muda ya kuonyesha nimefaulu, na nayo ilibaki nyumbani, niko na picha yake kwenye simu tu, pamoja na bulletin (ripoti za matokeo) za mwaka wa tano na wa sita. Ofisi moja hapa waliniambia bila KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari ya Kenya, siendi popote, nirudi Form 3 nikae na watoto wa miaka 16, mwingine akasema karatasi za Kifaransa hapa Kenya ni kama hazipo. Chuo kimoja cha binafsi niliwaandikia imeili wakanijibu nilipe ada ya mwanafunzi wa kigeni, pesa ambayo familia yetu haijawahi kuiona. Na kitambulisho cha mkimbizi bado sijapata, nina karatasi ya kuomba hifadhi tu.

Sasa naomba kujua, ni lazima kweli nirudie sekondari? Skolashipu ya DAFI inaweza kumchukua mtu kama mimi? Na kuna watu Telegram wanasema ukiwatumia shilingi 3,000 wanakujazia fomu ya skolashipu, ni wa kuaminika? Munijibu tafadhali, mama ananiuliza kila jioni na sina cha kumwambia.

Mwalimu_Turkana:
Dada Furaha, poleni sana kwa yaliyowapata na karibuni Kakuma. Nimefundisha sekondari hapa kambini miaka mingi, wacha nikujibu kwa urefu.

Hao wa Telegram ni wezi, usiwatumie hata shilingi. DAFI haiuzwi. Ni skolashipu ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, iliyoanza 1992 kwa pesa za serikali ya Ujerumani na fomu yake ni bure kabisa, hapa Kenya inasimamiwa na Windle International Kenya, kwa hiyo tangazo subiri kutoka kwao au kwa UNHCR wenyewe, si kwa mtu aliyekuandikia inbox.

Cheti sasa. Aliyekwambia Kifaransa ni kama hakipo amekupoteza. KNEC, baraza la mitihani la Kenya, wana huduma ya kulinganisha vyeti vya nje, unaomba kwa saiti yao, kuna ada, unapeleka cheti na matokeo pamoja na tafsiri ya Kiingereza kutoka kwa mtafsiri anayetambulika, wanakupa barua inayosema cheti chako ni sawa na kiwango gani hapa. Kinachokukwamisha wewe ni ile picha. Wanataka cheti chenyewe, na picha ya simu hata mimi nikiwa kwa hilo dawati siwezi kuipitisha. Kwa hiyo kama kuna mtu wako Kinshasa, shangazi, rafiki wa baba, yeyote, aende wizara ya elimu na jina lako kamili, namba yako ya mtihani na mwaka, afuatilie diplome. Hiyo ndiyo kazi namba moja, inakuja kabla ya chuo na kabla ya skolashipu yoyote. Naona vijana hapa wanajaza fomu kila tangazo likitoka na cheti hakijalinganishwa, wanakatwa kwa hatua ya kwanza, halafu wanaamini ni kwa sababu hawana akili na inaniuma sana.

Kuhusu unesi ujue kabisa ni kozi yenye mlinzi mlangoni. Mwanafunzi lazima aandikishwe na Nursing Council of Kenya, na kwa diploma wanataka C ya jumla, pia C ya baiolojia na ya Kiingereza au Kiswahili. Wewe bayolojia unayo. Lugha ndiyo itaulizwa.

Baraka_wa_Uvira:
Yaya Furaha, mimi ndiye yule aliyerudia. Nilifika Kakuma bila hata karatasi moja, nikaingia Form 3 nikiwa na ndevu, nikafanya KCSE, nikapata DAFI na sasa niko mwaka wa tatu chuo kikuu nasoma kilimo. Sikwambii ufanye kama mimi, ila wanaokutisha na hao watoto wa miaka 16 wasikuzuie. Aibu inaisha haraka, njaa ya kusoma inabaki. Darasani tulikuwa zaidi ya mia, kitabu cha kemia kimoja kwa watu sita, tulikuwa tunapiga picha kurasa na simu ya jamaa mmoja Msudani halafu usiku tunasoma kwa zamu mpaka betri ife, na hao watoto ndio walionifundisha Kiingereza.

KCSE ina faida yake, kila mtu Kenya anaijua, hakuna wa kukuuliza hii ni nini. Hata skolashipu ya WUSC ya Kanada huku wanaangalia KCSE. Hiyo imeanza 1978, wanafunzi wa vyuo vya Kanada wanachangia kidogo kidogo juu ya ada zao kumleta mkimbizi asome nao, wameshapita zaidi ya 2,000, na unaingia Kanada ukiwa mkaazi wa kudumu. Nafasi ni chache sana lakini zipo.

Ila kuna kitu watu hawakwambii. 8-4-4, mfumo wa zamani wenye KCSE, inaisha! Form 1 wa mwisho waliingia 2024, wako Form 3 mwaka huu 2026, watafanya KCSE 2027, na nyuma yao hakuna Form 2, wadogo wote wako CBE, mtaala mpya. Kama unafikiria kurudia, ni sasa hivi muhula huu, sio "nitaona mwakani".

Mwalimu_Turkana:
Baraka umesema kweli kabisa. Naongeza tu kwamba hata huko Form 3 utakutana na KNEC, maana bila KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, huwezi kusajiliwa KCSE mpaka walinganishe cheti chako cha nje. Kwa hiyo njia zote mbili zinapita mlango ule ule, Furaha, anza na Kinshasa.

Juma_Kigamboni:
Mimi niko Dar, naomba niulize, Kongo si imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022? Na 2017 marais walitangaza eneo moja la elimu ya juu kwa nchi zote za jumuiya. Nimesoma pia sheria ya wakimbizi ya Kenya ya 2021 inamruhusu mtu kutoka nchi ya jumuiya kuachia hadhi ya ukimbizi kwa hiari yake ili afaidi haki za mwana-Afrika Mashariki. Si rahisi dada akapita huko akaingia chuo kama mwenyeji, aachane na mambo ya kambi?

MamaSifa_Eastleigh:
Kaka Juma umesoma sheria vizuri, kifungu kipo, ila dada yangu Furaha nakuomba usikiguse. Nafanya kazi na wakimbizi hapa Nairobi na kila wiki naulizwa hilo swali. Ukiachia hadhi utahitaji pasipoti ya Kongo, na wewe umetoka Goma juzi juzi, utaiomba kwa nani na kwa pesa gani? Ukishaiachia, DAFI inakuhusu vipi tena, maana ni ya wakimbizi peke yao? Na vita vikizidi unataka kurudi kwenye hadhi ya ukimbizi, nani amekuahidi watakupokea kirahisi? Ada nafuu kwa chuo kimoja haiwezi kulipia ulinzi wa mtu.

Badala yake sukuma faili lako la DRS, idara ya serikali ya Kenya ya wakimbizi. Hiyo karatasi ya kuomba hifadhi ndiyo itakukwamisha kwa DAFI, wanamchukua mtu ambaye ukimbizi wake umeshatambuliwa. Usikose siku ya mahojiano, na ukibadilisha simu au blok waambie. Ukipata chuo nje ya kambi utahitaji kibali cha kusafiri kutoka kwao, barua ya chuo ndiyo inayokisaidia kutoka. Na ukimaliza kusoma kuna kibali cha kazi cha daraja M, ni cha wakimbizi na hakilipiwi.

Wakikwambia tena karatasi za nje hazina maana, mkataba wa wakimbizi wa 1951 ambao Kenya imeukubali, kifungu cha 22, unataja hasa kutambua vyeti vya nje, kupunguziwa ada na kupewa skolashipu. Mkimbizi hapaswi kutendewa vibaya kuliko mgeni mwingine yeyote. Huombi sadaka mwanangu. Dunia nzima wakimbizi wanaofika elimu ya juu 2023 walikuwa kama asilimia 7 tu, UNHCR inataka ifike 15 ikifika 2030, na hiyo 15 haitafikiwa kwa kuwaambia wasichana wenye 64% kwenye kemia kwamba karatasi zao hazipo.

Furaha_Kivu:
Mungu awabariki, nimemsomea mama majibu yote kwa sauti. Shangazi yangu yuko Kinshasa, Limete, nimemtumia jina langu kamili na namba ya mtihani amesema Jumatatu anaenda wizarani. Kaka Juma asante kwa wazo lako, lakini pasipoti ya Kongo siwezi kuipata saa hii. Sasa Mwalimu, wakati nasubiri shangazi na DRS, nikae tu au niingie Form 3?

Mwalimu_Turkana:
Ingia. Muhula umeshaanza, kesho asubuhi nenda na bulletin zako kwa ofisi ya mkuu wa shule iliyo karibu na blok yenu, omba kuongea na mkuu mwenyewe, na umwambie wazi kwamba diplome inafuatiliwa Kinshasa ili swali la KNEC lisikushtue baadaye. Kama barua ya kulinganisha itatoka mapema na ni nzuri, unaacha Form 3 unaomba chuo, hakuna atakayekulaumu. Isipotoka, uko ndani ya KCSE ya 2027 tayari. Huku Kiingereza chako kinapanda kila siku, na JRS, shirika la Wajesuti la wakimbizi, pia wana masomo ya Kiingereza pamoja na kozi za JWL, mpango wa Wajesuti wa masomo ya mtandaoni, uliza nafasi. Shangazi akipata diplome mwambie aiskani pande zote mbili kabla ya kumpa mtu yeyote aisafirishe, na wewe usiweke namba yako ya mtihani hapa hadharani, nitumie inbox nikuoneshe fomu ya KNEC inajazwaje.

Baraka_wa_Uvira:
Na vile vitabu vyangu vya baiolojia na kemia Form 3 na 4 bado viko kwa mjomba wangu Kakuma 2, nitamwambia akupe. Nitumie inbox nikupe namba yake.