Mrejesho: mpwa wangu, kisukari na seli za kinga

Assalam aleikum. Niliuliza kama teplizumabu, ile dawa ya kutuliza seli za kinga, yaweza kumfaa mpwa wangu wa hapa Majengo mwenye kisukari cha aina ya kwanza. Mlinishauri tumwone daktari wa homoni. Tumemwona.

Kwake tumeshachelewa. Seli T, yaani seli za kinga ambazo baadhi yake huua seli zilizovamiwa na virusi, huzigeukia seli beta za kongosho zinazotengeneza insulini. Vita hivyo huanza miezi au hata miaka kabla ya kiu na kukojoa mara kwa mara. Kingamwili (protini za kinga) zinazoonekana kwenye damu ni alama tu kwamba vita vipo. Muuaji hasa ni seli T. Teplizumabu hujishika kwenye seli hizo na kuzipunguza makali. Marekani iliidhinishwa 2022: mgonjwa hutiwa mshipani siku 14 mfululizo, na kwenye utafiti iliahirisha ugonjwa kwa takriban miaka 2. Lakini ni ya mtu mwenye kingamwili na sukari iliyoanza kuyumba, kabla hajaugua.

Basi ni insulini. Mliotaja habasoda, ahsanteni kwa nia njema, ila haifufui seli beta.

Lililonishughulisha zaidi ni wadogo zake: wao wanaweza kupimwa kingamwili mapema. Mama yao bado anasita. Na kwa joto hili letu, umeme ukikatika insulini twaiweka ndani ya mtungi wa udongo, kivulini.