Viti 290, watu milioni 47, na hakuna njia ya kugawa iliyoandikwa popote

Ndugu Wakenya wenzangu, nimechoka kuwasikia wanasiasa wakipaza sauti ya "mtu mmoja, kura moja" huku hakuna hata mmoja wao anayetueleza hesabu yenyewe itapigwaje. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296, na tukiwagawa kwa maeneo bunge 290 kila mbunge anapaswa kuwakilisha watu wapatao 164,015. Kwa kipimo hicho Nairobi, yenye watu 4,397,073, ilistahili viti 26.81, nayo ina 17. Taita Taveta ilistahili 2.08, nayo ina vinne. Lamu, ambayo haifikishi kiti kimoja kizima, ina viwili. Mbunge wa Nairobi kwa wastani anabeba watu 258,651 na mwenzake wa Lamu 71,960, lakini bungeni kila mmoja ana kura moja, na fedha za hazina ya maendeleo hugawanywa kwa maeneo bunge bila kujali vichwa vya watu.

Najua Kifungu cha 89 cha Katiba kinaruhusu tofauti ya asilimia 40 kwa majiji na maeneo yenye wakazi wachache, na asilimia 30 kwingineko, na sababu yake naikubali, kwani eneo pana lenye vijiji vilivyotawanyika haliwezi kuhudumiwa kama mtaa wa Embakasi. Hata hivyo, ruhusa hiyo inaishia kati ya watu 98,409 na 229,621, na wastani wa Lamu na wa Nairobi yote miwili iko nje ya mipaka hiyo. Kinga iliyozuia kufutwa kwa eneo bunge lolote kati ya yale 210 ya zamani ilihusu mapitio ya kwanza ya mipaka tu, yale ya 2012. Muda wa juu wa miaka 12 unaoruhusiwa kati ya mapitio ulikwisha Machi 2024, wakati ambapo tume ya uchaguzi na mipaka (IEBC) haikuwa na kamishna hata mmoja. Hili linanikera sana.

Linalonikasirisha zaidi ni kwamba hata mapitio yakifanyika, Katiba haisemi sehemu za kiti zinazobaki baada ya kugawa, kama ile 0.81 ya Nairobi, zifanywe nini, na hakuna nusu ya mbunge. Wamarekani wamegombania jambo hili tangu 1792, Rais Washington alipotumia kura yake ya turufu ya kwanza kabisa kuukataa mgawo wa viti. Njia zao zina majina ya wanasiasa wao. Ya Jefferson hutupa sehemu zote na kuyapendelea majimbo makubwa, ilhali ya Adams huzipandisha zote na kuyapendelea madogo. Ya Hamilton, inayogawa viti vilivyobaki kwa wenye masalio makubwa, ilionekana ya haki mpaka baada ya sensa ya 1880, ilipogunduliwa kuwa Alabama ingepata viti 8 katika bunge la viti 299 lakini 7 katika bunge la viti 300. Ya Webster hupandisha sehemu inayofika nusu na kutupa iliyo chini yake, na kigawanyo, yaani idadi ya watu kwa kiti, husogezwa hadi jumla ya viti itimie.

Sasa tuzitumie kwetu. Tharaka-Nithi, yenye watu 393,177, ingebaki na viti vitatu kwa Adams na kupata viwili kwa Webster. Isiolo, yenye 268,002, ingepata viwili kwa Webster na kimoja tu kwa Jefferson. Anayechagua njia baada ya kuona takwimu anachagua mshindi, na ndivyo ilivyokuwa Marekani mwaka 1941, kiti kimoja kilipokuwa kinagombaniwa na Michigan na Arkansas na wabunge wakapiga kura kwa kufuata vyama. Sisi tulifanya vibaya zaidi: maeneo bunge 70 mapya ya BBI, mswada wa kurekebisha Katiba, yaliorodheshwa kwa kaunti ndani ya jedwali la mswada wenyewe, hadi Mahakama ya Juu ilipoyakataa Machi 2022 kwa kuwa umma haukushirikishwa.

Ninachodai ni njia ya Webster iandikwe katika sheria kabla ya sensa ya 2029, viti vigawiwe kaunti kwanza, kila kaunti ihakikishiwe angalau kimoja, ndipo mipaka ichorwe. Na mbunge yeyote anayehubiri usawa wa kura ataje hadharani njia anayoiunga mkono, na viti ambavyo kaunti yake itapata au kupoteza kwa njia hiyo.