Mdahalo mubashara wa runinga: kelele zinaanzia wapi?

Mwongozaji_Mpya: Wakuu, vituo vingi siku hizi vinawagonganisha wapinzani wawili mubashara, na baada ya dakika kumi mtazamaji haambulii neno. Mtindo huu ulitoka wapi? Na upangweje ili moto uwepo lakini hoja zisikike?

Kumbukumbu: CNN ya Marekani walikuwa na kipindi cha mdahalo, Crossfire, tangu 1982. Kwa Waarabu, Al Jazeera ilileta mfumo huo 1996: kipindi chenye mtangazaji Faisal al-Qassem katikati, wageni wawili wanaopingana. Mwaka 1998 Jordan iliifungia Al Jazeera ofisi yake Amman kwa sababu ya kipindi kile. Vituo vinaupenda kwa kuwa ni rahisi: meza, kamera tatu, hakuna timu ya kutuma nje.

Fundi_Sauti: Anza na maiki. Wageni wakikaa bega kwa bega, kuzima maiki ya mmoja hakusaidii, sauti yake inapenya kwenye maiki ya jirani. Watenganishe angalau mita 2.

Mgeni wa setilaiti ndiye anayesumbua zaidi. Setilaiti iko karibu kilomita 36,000 juu, hivyo swali kwenda na jibu kurudi ni takriban nusu sekunde. Mtangazaji anadhani mgeni kanyamaza, anaongeza swali, huku mgeni keshaanza kujibu la kwanza. Wanagongana mpaka mwisho, na mtazamaji anaona ni ugomvi! Mtangazaji aulize swali moja, kisha anyamaze kabisa. Sauti anayorudishiwa mgeni sikioni iondolewe sauti yake mwenyewe, la sivyo anasikia mwangwi wake na kubabaika.

Kwa matusi, chelewesha matangazo sekunde 7 hivi, upate kukata tusi kabla halijafika hewani. Ila ukishakata, akiba hiyo ya sekunde imepungua; tusi la pili likifuata papo hapo linapita hewani.

Mhariri_Zamu: Naongezea: swali lenyewe. "Serikali imeshindwa au haijashindwa?" huzaa kelele tu. Uliza "kodi gani ipunguzwe ili unga ushuke bei?"

Marekani, baada ya mdahalo wa vurugu wa Trump na Biden Septemba 2020, mdahalo wa Oktoba ulimpa kila mmoja dakika 2 za kufungua kila mada, maiki ya mwenzake ikiwa imezimwa. Juni 2024 CNN wakaenda mbali zaidi: maiki zilizimwa kwa asiye na zamu, na ukumbini hapakuwa na watazamaji. Hilo la watazamaji msilidharau. Makofi humfanya mgeni aongee na ukumbi, amsahau anayejadiliana naye.