UKOO WA BI MWANAKOMBO (SIASA MARUFUKU)

*Jumatatu*

Shangazi Zuwena 06:48
Assalaam alaykum. Naliweka jambo hili mara ya tatu, maana mara mbili mmesoma mkanyamaza kama mliomwagiwa maji. Rahma kapata meli. Meli ya mizigo, anaipandia Mombasa Jumatano ya wiki ijayo, kadeti wa sitaha. Zinatakiwa laki tisa: kozi za usalama 450, nauli na malazi 180, daktari wa mabaharia 150, ovaroli na viatu 120. Mkononi ziko 310. Mimi 100, mama yake 100, Abdalla 60, Fatma 50. Nataka jina na kiasi. Inshaallah tupu sitaki.

Fatma Chake 07:02
Waalaykum salaam. Mi nshatoa shangazi

Shangazi Zuwena 07:03
Si nimekutaja Fatma. Nasema na hao wengine. Humu tuko watu 34.

Abdalla Dar 07:40
Kadeti wa sitaha ndo anafanya nini, anapiga deki?

Shangazi Zuwena 07:44
Deki atapiga, kutu atakwangua, rangi atapaka. Lakini lazima atimize miezi 12 ya bahari, na si chini ya 6 awe anashika zamu kule juu kwenye usukani, afisa yuko pembeni yake, na kila kitu kinasainiwa kwenye daftari. Bila ya hivyo ile diploma ya Chuo cha Bahari tufungie maandazi. Akimaliza anafanya mtihani awe afisa wa zamu. Halafu miezi 36 ya uafisa ndo anaomba cheti cha unahodha.

Ami Haji 07:59
Unahodha.

Abdalla Dar 08:01
Ami kaandika neno moja nishaogopa 😂

Mjomba Bakari 08:20
*Imesambazwa mara nyingi*
HUYU NDIYE MWANAMKE ALIYEZIBA MFEREJI WA SUEZ 2021!!! DUNIA NZIMA ILIPATA HASARA!!! Wasambazie wengine

Abdalla Dar 08:22
Hahahaha Rahma akija kufunga gati Mkoani, Pemba, tuihamishe minazi mapema

Fatma Chake 08:23
Wewe Vitz tu ulimgongea jirani ukuta

Abdalla Dar 08:23
Ule ukuta ulikuwa umesogea

Rahma 08:51
Shikamooni wote. Mjomba, hiyo si kweli. Huyo dada ni Marwa Elselehdar wa Misri, mwanamke wa kwanza kwao kuwa nahodha. Siku ile meli ya Ever Given ilipokwama Suez yeye alikuwa Alexandria, kazini kwenye meli nyengine kabisa, Aida IV. Watu walitengeneza habari ya uongo wakaibandika kama imetoka gazetini. Suez aliwahi kuipita, 2015, na akaipita salama.

Mjomba Bakari 08:55
Mi nimetumiwa tu mwanangu

Shangazi Zuwena 08:56
Bakari, na pesa utumiwe halafu uzisambaze hivyo hivyo. Nikuandike ngapi?

Mjomba Bakari 09:10
Niandike 50. Ijumaa

Shangazi Zuwena 09:10
Ijumaa ya mwezi gani?

Ami Haji 12:34
Nimetoka kusali ndo nasoma. Mimi ndiye nliyesimama pahala pa baba yake, kwa hiyo nitasema. Skuli nimesomesha, chuo sikuzuia. Nlidhani atakaa ofisini, bandarini hapa hapa. Bahari si pahala pa mtoto wa kike. Miezi 12 yuko peke yake na wanaume ishirini. Na familia hii ishatoa.

*(hakuna aliyejibu mpaka alasiri)*

Shangazi Zuwena 15:20
Haji, umeandika ukamaliza au bado?

Rahma 16:05
Ami samahani, naandika kwa heshima. Ni kweli tuko wachache. Hesabu ya 2021 dunia nzima ilikuta mabaharia wanawake 24,059, hata wawili kwenye kila mia hatufiki. Lakini hilo la wanawake si jipya. Anna Shchetinina wa Urusi alipewa meli 1935 na umri wake miaka 27, akaitoa Hamburg, Ujerumani, mpaka Kamchatka, mashariki ya mbali ya Urusi. Hapo Mombasa alitokea Elizabeth Marami, rubani wa meli wa kwanza mwanamke Kenya, ile kazi ya kupanda meli za watu kuziingiza bandarini.

Ila ninayempenda mimi ni Radhika Menon, Muhindi. Alianzia kwenye redio ya meli, akapanda mpaka akapewa meli ya mafuta. Juni 2015 yuko Ghuba ya Bengal, dhoruba, mawimbi yanapita futi 25. Wakaiona boti ya wavuvi saba: mashine imekufa, nanga imekatika, kwao wameshakatiwa tamaa. Akaigeuza ile meli kubwa kuwafuata. Mara ya kwanza wakakosana, mara ya pili wakakosana. Ya tatu wakateremsha ngazi ya kamba wakawapandisha mmoja mmoja, wote saba. Mwaka wa pili yake akapewa nishani ya ushujaa ya Shirika la Kimataifa la Bahari, mwanamke wa kwanza kuipata. Nikimsoma huyo Ami, mimi nawafikiria wale saba.

Fatma Chake 16:11
Subhanallah

Abdalla Dar 16:12
Futi 25 ni nyumba ya ghorofa hiyo jamani. Mimi boti ya Unguja tu natapika kabla haijang'oa

Fatma Chake 16:13
Ile safari ya harusi ya Sada ulitapikia kanzu ya bwana harusi

Abdalla Dar 16:14
Ilikuwa koti, tuseme ukweli

Shangazi Zuwena 16:30
Tuache koti. Kuna jambo la viatu. Nimezunguka Darajani yote leo. Viatu vya kazi vyenye chuma mbele vinaanzia namba 42, vyote vya wanaume. Muuzaji mmoja kanambia nimnunulie ajaze matambara. Rahma anavaa 37. Mwenye mtu Dar au Tanga amuulizie.

Sele Maskati 23:47
Salaam. Nimetoka zamu sasa hivi. Rahma hongera sana mdogo wangu. Mimi natoa laki mbili. LAKINI ziende kwa Rahma mwenyewe mkononi. Zisipite kwa mtu. Nilituma riali za mashine ya boti mwaka ule, mpaka leo hata mlio wake sijausikia.

Mjomba Bakari 23:52
Sele hayo yashapita

Sele Maskati 23:52
Yamepita na boti ipi mjomba?

Mjomba Bakari 23:58
*Ujumbe huu umefutwa*

Mjomba Bakari 00:03
Mashine ililetwa. Ilikuwa mbovu. Haji ndo aliichagua

Ami Haji 00:04
Mimi nilisema tusinunue ile.

Shangazi Zuwena 00:06
Laleni.

*Jumanne*

Shangazi Zuwena 06:30
Na ya Sele tuna 510. Ijumaa ya Bakari siihesabu. Bado 390. Kuna watu humu nawaona wanabadilisha picha kila siku, shilingi hawana.

Nuru (simu ya Bibi) 10:15
Bibi kanambia nimsomee yote tangu juu. Nimemsomea. Yuko kwenye jamvi anachambua karafuu. Kasema niandike anavyosema, nisitie langu.

Nuru (simu ya Bibi) 10:22
Haji mwanangu. Nduguyo Khamis, baba yake Rahma, alinipigia siku ile ya meli kuzama, yuko gatini. Kanambia mama, watu wamejaa hata pa kutia mguu hapana, magodoro, magunia ya mchele, watu juu ya magunia. Nkamwambia shuka. Kanambia wenyewe wanasema itakwenda. Mimi na bahari sina ugomvi, bahari haikumwita mtu. Nnalia na yule aliyekuwa na kauli asiseme. Sasa muulizeni huyu mtoto. Siku mwenye meli akimwambia ng'oa nanga, na yeye anaona imejaa, atasema hapana? Akiweza na aende. Kama hawezi arudi, karafuu zipo tele.

Nuru (simu ya Bibi) 10:23
Kaendelea na karafuu. Hasemi tena

*(saa mbili kimya)*

Rahma 12:30
Shikamoo Bibi. Nitasema hapana. Na sheria ya bahari inampa nahodha kauli hiyo, mwenye meli hana ruhusa ya kumzuia kufanya analoona linahitajika kuokoa roho za watu.

Ami Haji 12:41
Sheria hata mwaka ule zilikuwepo.

Rahma 12:42
Najua Ami.

Mama Rahma 13:15
Pasi yake ya kusafiria ninayo mimi. Anaitafuta tangu wiki iliyopita nami naona anavyoitafuta. Ipo sandukuni chini ya kanga. Nitampa leo.

Rahma 13:16
Mama 😭

Fatma Chake 13:20
Mi naongeza 40

Abdalla Dar 13:21
Nami 40, nisamehewe deki

Sele Maskati 13:25
Bibi mshikeni mkono kwa niaba yangu

Shangazi Zuwena 13:40
Tuko 590. Bado 310. Na kuna la kumsindikiza. Boti ya Mkoani mpaka Unguja, Dar alale kwa Abdalla, halafu basi la Mombasa kwa Horohoro. Mpakani asipite peke yake na begi lile. Mimi mguu wangu mnaujua. Bakari hana pasi. Anabaki mtu mmoja na anajijua.

Abdalla Dar 13:42
Kwangu alale, ila godoro la wageni limekwenda na mke wa Sele

Sele Maskati 13:50
Limekwenda vipi na mke wangu?

Fatma Chake 13:51
Haya tena

Shangazi Zuwena 17:05
Haji?

Shangazi Zuwena 19:30
Haji, magharibi ishapita.

Mjomba Bakari 20:12
*Imesambazwa mara nyingi*
FAIDA 10 ZA MDALASINI AMBAZO MADAKTARI HAWAKWAMBII

Ami Haji 22:48
Viatu ulisema namba ngapi?

Shangazi Zuwena 22:49
37. Kwa hiyo unampeleka?

Shangazi Zuwena 22:55
Haji nakuona uko hewani.