Spirulina: rangi yazidi kwenye mwanga hafifu, uzito wazidi kwenye mwanga mkali

Swali (Mkuzaji, Nakuru)

Habari zenu, wataalamu. Ninakuza spirulina, mwani mdogo wenye umbo la nyuzi, katika chupa za maabara kwenye mchanganyiko wa Zarrouk (maji yenye chumvi na virutubisho vya kuikuzia), nikilinganisha ukuaji wake katika halijoto ya sentigredi 25, 30 na 35, baadhi ya chupa zikiwa kwenye mwanga mkali na nyingine kwenye mwanga hafifu. Kila asubuhi ninapima ufyonzaji wa mwanga kwa spektrofotomita katika urefu wa wimbi wa nanomita 680. Kinachonitatiza ni kwamba chupa za mwanga hafifu ndizo zinazotoa namba kubwa, ilhali nikichuja na kukausha, za mwanga mkali ndizo zenye uzito zaidi. Nitegemee kipimo kipi, na kasi ya ukuaji ikokotolewe vipi?

Jibu (Fundi maabara)

Ndugu, vipimo vyote viwili vinasema kweli, ila havipimi kitu kimoja. Karibu na nanomita 680 umbijani (rangi ya kijani inayonasa mwanga) hufyonza mwanga kwa nguvu, na seli zilizo kwenye mwanga hafifu hujiongezea umbijani ili zinase kile kidogo kinachozifikia; kwa hiyo namba inaweza kupanda kwa sababu ya rangi pekee. Hamia nanomita 750, ambako rangi hiyo haifyonzi karibu chochote, na kinachosomwa ni jinsi nyuzi zenyewe zinavyotawanya mwanga. Kisha chukua sampuli nzito, izimue kwa viwango mbalimbali, soma kila kiwango, chuja, kausha na upime, upate mstari wa kugeuza namba za mashine kuwa gramu kwa lita. Mstari huo uchore kwa kila hali ya mwanga, maana umbo la nyuzi nalo hubadilika.

Tikisa chupa kwa upole kabla ya kuchota, kwa kuwa nyuzi hizi zina vifuko vya gesi na hupenda kuelea juu. Na uzito wenyewe uutilie shaka kama husuuzi kichujio: Zarrouk ina gramu 16.8 za bikaboneti ya sodiamu katika kila lita, na chumvi hiyo ikikauka pamoja na mwani inahesabiwa kama mwani. Maji yaliyotiwa asidi kidogo huiondoa vizuri.

Jibu (Mwanafunzi wa uzamili)

Kuhusu kasi: toa logarithimu asilia ya kipimo cha mwanzo kutoka kwa ile ya kipimo cha mwisho, kisha gawanya kwa idadi ya siku. Kikipanda kutoka 0.1 hadi 0.4 kwa siku 4, kasi ni takribani 0.35 kwa siku, yaani mwani unaongezeka maradufu kila baada ya siku 2. Hesabu hii inafaa tu katika kipindi ambacho logarithimu hizo zinapanda kwa mstari ulionyooka. Mwani ukishakuwa mzito, nyuzi za nje huzitilia kivuli za ndani, mwanga ndio unaoamua kila kitu, na tofauti ya halijoto uliyoitafuta inafichika.

Mkuzaji, Nakuru

Ahsanteni sana, nimeelewa. Swali moja limebaki: chupa za sentigredi 35 hupungua maji upesi kuliko nyingine. Je, hilo linaathiri vipimo?

Jibu (Fundi maabara)

Linaathiri sana, kwani maji yakipungua mwani unaonekana mzito bila kukua. Weka alama kwenye chupa, na kila asubuhi, kabla ya kuchota, jaza maji yaliyokenekwa hadi kwenye alama. Ukishachota sampuli, weka alama mpya. Usijaze kwa Zarrouk, kwa sababu chumvi haikuondoka na mvuke na utaizidisha. Halijoto nayo ipime ndani ya chupa yenyewe, maana taa kali huipasha chupa moto kupita joto la chumba.

Ukipata nafasi, ongeza jaribio la kiwango cha chumvi. Hapo kwenu Ziwa Nakuru maji yameongezeka sana katika miaka ya karibuni, magadi yakazimuliwa, na heroe wengi wakahamia Ziwa Bogoria kutafuta chakula hiki hiki unachokikuza. Kipimo cha kasi ya ukuaji katika viwango tofauti vya magadi kingetusaidia wengi humu.